Majina Saba kwenye Kaye ya Tata

Siku ya tatu ya kilio, saa kumi alasiri, mzee mmoja mwenye koti la jeshi lililopauka aliingia kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na mfuko wa plastiki kwapani. Hakwenda kwa wanaume waliokaa chini ya turubai. Alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama nikihesabu viti vya kukodi, akapiga visigino, akaniuliza:

"Weye njo ule mwana wa hesabu?"

Nikamwitikia.

"Kamata. Ni kaye ya depo. Tata yako aliniachiaka ile siku alitokaka ku kazi. Alisema, siku minakufa usipatie mama yabo, patia ule wa hesabu."

Akaondoka bila kula. Mtu kuondoka kilioni bila kugusa bukari, ugali wetu, ni jambo la kuzungumzwa, na wamama wa jikoni walilizungumza mpaka usiku.

Nilifungua mfuko ule baada ya wageni kutawanyika. Tangu hapo zimepita wiki sita. Kwa safu yangu nimeanza kuandika juu ya bei ya unga, nikafuta. Nimeanza kuandika juu ya foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambayo ndiyo inayonilisha, nikafuta pia.

Basi niandike juu ya kaye, lile daftari la Tata, baba yangu.

Vitu kushoto, watu kulia

Ni kaye nne za shule zilizoshonwa pamoja kwa uzi wa gunia, jalada lake katoni ya sabuni. Zinaanza 1991 na kuishia 2004. Tata alikuwa magazinie, mtunza ghala, kwenye depo moja ya jeshi hapa Lubumbashi. Sitaitaja jina. Waliokulia humo wataitambua kwa harufu tu: mazutu (dizeli), ngozi mpya ya viatu, na unga wa mahindi ulioloa kidogo pembeni ya gunia.

Kila ukurasa una mstari wa wima katikati. Kushoto vitu, kulia watu.

Kushoto: pipa sita za mazutu zimeingia, moja inavuja. Kulia, mkabala wake: mke wa kaporali wa gereji amejifungua mapacha.

Kushoto: magunia arobaini, mawili yameloa. Kulia: sarjenti wa matairi amehamishwa Kamina, tumemchangia kreti tatu za bia ya Simba, ya nne ameinunua mwenyewe kwa aibu.

Mimi kazi yangu ni hesabu, na nilichokiona kwanza ni kwamba huyu mtu hajui kutunza vitabu. Mambo mawili yasiyohusiana kwenye ukurasa mmoja! Mkaguzi angemrudisha nyumbani. Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba yanahusiana. Baada ya siku ya mapacha, pipa inayovuja haikuandikwa tena. Nadhani najua ilikokwenda: mazutu ya gari la kumpeleka mama yule hospitali.

Na lugha. Vitu vyote ameviandika kwa Kifaransa, watu wote kwa Kiswahili, na pale mkubwa alipotoa amri ameinukuu kwa Kilingala. Kilingala ni lugha ya jeshi tangu enzi za Force Publique, jeshi la wakoloni wa Kibelgiji, na hapa Lubumbashi hata mtoto anajua: askari akikusemesha kwa Kilingala yuko kazini, akigeuza Kiswahili amekuwa jirani. Tata aligeuza lugha kila mkono wake ulipovuka ule mstari wa katikati. Sidhani kama alijua.

Depo haikuwa na gazeti. Ilikuwa na apeli ya asubuhi, wito wa majina. Malori yakishasemwa, zilisomwa habari za watu: nani kafiwa, nani kahamishwa, nani kapandishwa cheo na atawanywesha nini wenzake. Kisha karatasi ilibandikwa mlangoni mwa magazini siku tatu, na siku ya nne ilifungiwa misumari.

Misumari imekwisha kutumika. Kaye imebaki.

Kreti, kanga na sifuri

Ningependa kukaa kwenye kurasa za furaha, kwa sababu ndizo nyingi.

Kuna mke wa mkubwa wa depo, ambaye watu wote walimwita Mama Kamanda ingawa wengine walimzidi umri. Alisimamia likelemba, mchango wa kupokezana, ya wanawake wa kambi. Tata amemwandika mara kumi na nne, na kila mara kwa heshima yenye hofu ndani yake: "Mama Kamanda anasema sherehe ni Jumamosi." Haandiki "tumekubaliana". Kuna arusi ambapo upande wa bibi harusi ulidai kanga kumi na mbili na depo ikatoa kumi na moja, ya kumi na mbili ikapatikana usiku wa manane, haisemwi wapi. Kuna ubatizo wa mtoto ambaye leo ni daktari.

Kuna Jumapili za Mazembe na Lupopo. Gereji yote ilikuwa Lupopo, magazini yote Mazembe, na ofisi ilijifanya haina timu. Baada ya mechi moja Tata ameandika kulia maneno matatu tu: "Gereji hawasalimii." Kushoto, wiki hiyo nzima, hakuna spea hata moja iliyotoka.

Na michango ya vilio. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu usiku. Michango imeandikwa kwa zaire, na mpaka Oktoba 1993 sifuri zinajaa mstari mzima kama mchwa. Halafu inakuja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na ukurasa unakaa kama kichwa kilichonyolewa. Mwaka 1998 zinaingia faranga, sifuri zinakatwa tena. Pembeni pembeni, kwa maandishi madogo, dola. Jeshi lenyewe limebadilishwa jina ndani ya kaye hiyo: linaanza likiwa FAZ, Mei 1997 linakuwa FAC, mwishoni ni FARDC. Tata hakuandika hata neno juu ya mabadiliko hayo. Mwezi ule Laurent-Désiré Kabila alipojitangaza rais hapa hapa Lubumbashi, upande wa kulia wa kaye unasema mlinzi wa lango ameoa.

Ndivyo nilivyomfahamu. Ndiyo maana ule ukurasa mwingine ulinikaa kooni.

Desemba 2000

Vita sivisimulii, kila mmoja wetu ana yake. Mwishoni mwa Novemba 2000 malori mawili yalitoka depo kwenda Pweto, kule juu kwenye Ziwa Mwero. Kushoto: unga, sabuni, betri, viatu. Kulia: majina saba, madereva na wapakiaji.

Mwanzoni mwa Desemba Pweto ilianguka. Wanajeshi wetu wengi walivukia Zambia, wengine hawakuvuka.

Ukurasa unaofuata ni wa posho ya Desemba. Majina saba yapo. Gunia moja kila jina.

Januari, yapo. Februari, yapo. Kwa wino wa bluu wanaume wale wako depo, wanakula na kuhesabiwa. Ila kando ya kila jina kuna alama ndogo ya kalamu ya risasi, hafifu mno, niliiona pale tu nilipoinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Misalaba minne. Alama za kuuliza tatu.

Tata alijua wamekufa.

Akaendelea kuwaandikia unga.

Niliyoyasema zamani

Ni lazima niseme hapa jambo ambalo wanaonisoma siku nyingi wanalijua. Nimepiga kelele sana juu ya fiktifu, askari hewa. Nimeeleza mara nyingi jinsi mtambo ule ulivyofanya kazi: mkuu wa kikosi anapeleka orodha, pesa za orodha nzima zinashuka mikononi mwake, yeye ndiye anayegawa. Kwa hiyo kila jina ni pesa, na jina la marehemu ni pesa tamu kuliko zote kwa sababu mwenyewe haji kuidai. Nilisifu kazi ya EUSEC, ujumbe wa Ulaya uliokuja 2005, ya kutenganisha mlolongo wa amri na mlolongo wa malipo. Nilisifu mishahara ilipoanza kupitia benki kuanzia 2011. Mahali fulani niliandika kwamba anayemweka mfu kwenye orodha anamwibia aliye hai mstari wa mbele.

Nililipenda sana sentensi hiyo.

Bado naona ni ya kweli. Gunia saba zilizobaki Lubumbashi ni gunia saba ambazo hazikufika kwa mtu aliyekuwa na njaa na bunduki. Sitaki kujifanya sikusema, eti kwa sababu safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwa baba yangu.

Lakini kando ya misalaba minne, kila mwezi, kuna alama ya kidole gumba. Wino wa zambarau wa mihuri. Vidole vinne tofauti, vidogo.

Ruashi

Mmoja wa wale wajane yuko hai, anauza makala, mkaa wa kupikia, mtaa wa Ruashi. Nilimpata kupitia binti yake, ambaye tulisoma pamoja. Nilikaa juu ya bidoni iliyopinduliwa, nikamwonyesha ukurasa. Hakuusoma, hajui kusoma. Alikitazama kidole, akaweka gumba lake juu yake, akapima.

"Njo yangu," akasema. "Lakini ilikuwaka ndogo."

Nikamuuliza ilikuwaje.

"Mwanangu, unazani shida ilikuwa unga? Unga minaweza kutafuta. Shida ilikuwa nyumba. Bangefuta jina ya bwana yangu, ile wiki tungetoshwa mu kambi. Na batoto tano. Mu mvua ya Desemba."

Hapo nilinyamaza. Katika makala zangu zote juu ya fiktifu sikuwahi kuwaza chumba. Jina kwenye orodha ya depo ndilo lililokuwa ufunguo wa chumba cha kambi, kitanda cha zahanati, na kiti cha mtoto kwenye shule ya kambi. Kulikuwa na haki nyingine za mjane, za kwenye sheria, ila faili yake ilipaswa kwenda Kinshasa, zaidi ya kilomita 1500 kutoka hapa, na kurudi na saini. Tata ameiandika safari ya faili hizo kulia, mwezi baada ya mwezi: "Faili bado." "Faili bado." "Wanataka picha nyingine."

"Alitubakisha miezi kumi na moja," akasema mama yule. "Nikapata hiki kiwanja. Nikatoka na miguu yangu."

Nilianza kujisikia vizuri. Nadhani alikiona kwenye uso wangu, maana alicheka.

"Usimufanye malaika, tata yako. Gunia ilikuwaka inafika na meka mbili zimepunguka. Kila mwezi, mbili. Hakusemaka, na mi sikuulizaka."

Alisema hivyo bila hasira yoyote, akaniongezea makala kwenye mfuko niliokuwa nimenunua. Meka ni kipimo cha unga: mbili mara wajane wanne mara miezi kumi na moja. Nilipiga hesabu hiyo ndani ya taksi bila kutaka. Ni themanini na nane. Akili ya kazi haina adabu.

Mfu aliyerudi

Alama za kuuliza zilikuwa tatu. Moja ina gumba la mke kila mwezi, na mwaka 2001, upande wa kulia, Tata ameandika kwa wino na herufi kubwa, kitu ambacho hakukifanya popote pengine kwenye kaye: AMERUDI KUTOKA ZAMBIA. Kushoto, siku hiyo hiyo: kreti mbili. Hakuna maelezo.

Aliyerudi ndiye yule mzee wa koti.

Nilimkuta soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, analinda pikipiki za watu. Alinisimulia jinsi walivyovuka usiku, Wazambia wakachukua bunduki zao, wakawapa blanketi. Alivyokaa kambini miezi bila njia ya kutuma neno. Alivyofika depo amekonda, na mtu wa kwanza aliyemwona langoni akakimbia.

"Mi njo mufu wa kwanza alikuta posho yake inamungojea," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. "Bibi yangu alikuwaka ananikulia."

Kisha akawa mzito. Tata aliitwa na wakubwa mara mbili kuhusu majina yale. Mara zote mbili alijibu kwamba hana karatasi ya kifo, na bila karatasi ya kifo magazinie hawezi kuua mtu. Kisheria alikuwa sawa kabisa. Na mzee anasema kila Tata alipotoka ofisini humo alikuwa anatetemeka.

"Sasa hawa wawili?" nikamuuliza, nikaweka kidole kwenye alama mbili zilizobaki.

Akatazama pikipiki zake.

"Balikuwaka bijana. Hapana bibi, hapana mutoto. Mumoja wa Kongolo. Hapa mjini habakukuwa na mutu."

"Magunia yao yalitoka kila mwezi. Hakuna gumba."

"Njo minakuambia. Habakukuwa na mutu."

Mistari miwili

Kwa mtu wa hesabu, mistari ile miwili ni mibaya kuliko mitano mingine yote. Mitano ina aliyepokea. Ile miwili imetoka tu. Miezi kumi na moja, magunia ishirini na mawili, kushoto imeandikwa "limetoka" na kulia ni peupe. Tata, aliyeandika kwamba gereji hawasalimii, hakupata neno la kuandika pale.

Nimejaribu kumtetea. Pengine yalikwenda kwa wakubwa, ndiyo bei ya kunyamaziwa yale matano. Inawezekana sana, ndivyo depo zilivyokuwa. Pengine yaliliwa kwenye vilio. Pengine aliwawekea vijana wale akiba mpaka warudi, unga ukaoza.

Unga hauozi miezi kumi na moja bila mtu kuandika "umeoza". Yeye aliandika hata magunia mawili yaliyoloa.

Nikamwendea Mama. Alikuwa uani anachambua karanga, kitambaa cheusi kichwani. Sikuleta kaye. Nilimuuliza tu, kama mtu anayepitisha muda, kama anakumbuka posho ya mwaka ule wa Pweto.

Aliendelea kuchambua. Muda mrefu.

"Ule mwaka ulikuwa mu sekondari ya ngapi?"

"Ya tano."

"Mishahara ya Tata ilitokaka mara ngapi ule mwaka?"

Sikujua. Kaye inajua: mara tatu.

"Na weye walikufukuzaka ku masomo mara ngapi, juu ya pesa?"

Hilo nalijua mwenyewe. Ule mwaka sikufukuzwa hata mara moja. Wenzangu wa kambi walirudishwa nyumbani kila wiki ya malipo. Mimi nilibaki darasani, mstari wa mbele, najifunza hesabu za vitabu, na nilidhani ni kwa sababu nilikuwa na akili.

"Gunia zilikuwa mbili," nikasema. "Nyingine ilikwenda wapi?"

Mama akasimama, akakung'uta maganda kwenye pagne, akaenda kuanua nguo. Mawingu yalikuwa mbali bado, upande wa Kipushi.

Ukurasa wa mwisho

Nimefikiria kuwatafuta watu wa yule kijana wa Kongolo. Nina jina kamili. Nina tarehe, namba ya lori. Niwaambie nini? Kwamba mtoto wenu alipotelea Pweto mwaka 2000, na posho yake ilimsomesha binti wa magazinie? Jumamosi iliyopita nilianza barua, nikaandika salamu, nikaiacha hapo. Mzee wa koti anasema niandike jina na Pweto, mengine nisiandike. Binti wa mjane anasema niandike yote au niache. Leo bado barua ina salamu tu.

Baada ya 2004 kaye ina kurasa kumi na moja tupu. Jana usiku nilipiga mstari wa wima katikati ya ukurasa wa kwanza mtupu. Kulia, kwa Kiswahili, nikaandika kwamba magazinie amefariki, ameliliwa na watu wake, na kwamba dereva wa Pweto alikuja ila hakula.

Kushoto nikaandika viti vya kilio. Vimeingia sitini. Vimerudi hamsini na vinane.

Mwenye viti anataka nimlipe hivyo viwili. Nimemwambia aje Ijumaa, na aje na risiti.